Ndondi za Nakuru na malezi ya nidhamu
Nakuru ina jina kubwa katika ndondi za Kenya. Philip Waruinge, bondia wa mji huo, alitwaa shaba katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 na fedha mjini Munich mwaka 1972. Huko Mexico alikosa dhahabu, lakini akatunukiwa Kombe la Val Barker, tuzo ya bondia aliyeonyesha ufundi bora. Ufundi huo hujengwa mazoezini: kuruka kamba, kupiga gunia, kukwepa konde bila kupandwa na hasira. Mwili hupata pumzi na wepesi. Akili hujifunza subira na heshima kwa mpinzani, ambaye hukumbatiwa kengele ya mwisho inapolia. Hata hivyo, makonde ya kichwa yana madhara, hivyo chipukizi wasikose kocha mwenye ujuzi na kinga ya kichwa.