Baada ya Figo Mpya, Tusimlaze Mgonjwa

Mama mmoja mkazi wa Usa River alinisimulia juma lililopita jinsi mdogo wake alivyopokewa nyumbani baada ya kupandikizwa figo. Kuku alichinjwa, kitanda kikatandikwa, na mgonjwa akaamriwa asiguse jembe wala ndoo. "Wewe lala tu, baba, upumzike." Haukupita muda mrefu mguu wake wa kulia ukavimba. Wazee wakataka aitwe mtu wa kumchua. Mkewe alikataa katakata, akatafuta gari usiku uleule, wakaenda hospitali. Kumbe damu ilikuwa imeganda ndani ya mshipa. Leo bwana huyo yu hai.

Zamani Mtanzania aliyehitaji figo ilimbidi aende nje, hasa India. Novemba 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza nchini, na Machi 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata. Wenzetu wanarudi Arusha na Meru wakiwa na figo za ndugu zao. Wengi tumekwisha kusikia kwamba mwili unaweza kuikataa figo. Habari ya damu kuganda tunaizungumza kidogo mno.

Tangu enzi za daktari Mjerumani Rudolf Virchow, aliyeandika juu ya jambo hili mwaka 1856, waganga wamezoea kutaja sababu tatu. Sisi tunaoishi chini ya Mlima Meru tutazielewa kwa kuutazama mfereji. Mfereji huziba maji yakienda polepole mno, kingo zikibomoka, au maji yenyewe yakiwa mazito kwa tope.

Aliyepandikizwa figo hukutana na yote matatu. Figo mpya huwekwa chini ya tumbo, karibu na nyonga, ikaunganishwa na mishipa mikubwa inayohudumia mguu. Hapo kingo za mfereji zimeguswa na kisu na uzi. Majimaji yakijikusanya kando ya figo huweza kuubana mshipa, na mguu wa upande huo ukavimba. Kulala kutwa, au kukaa ndani ya basi kutoka Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 600, hupunguza mwendo wa damu. Aidha, damu yenyewe huwa nyepesi kuganda kwa sababu ya baadhi ya dawa za kuzuia mwili usiikatae figo, maambukizi, au upungufu wa maji. Kwa wengine chembe nyekundu za damu huzidi kiasi miezi kadhaa baada ya upasuaji.

Hatari huongezeka kwa mtu mwenye umri mkubwa, mnene kupita kiasi, mvuta sigara, aliyewahi kugandwa na damu, na mwanamke anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni.

Katika siku za mwanzo, bonge la damu laweza kuziba mshipa wa figo yenyewe: mkojo ukapungua ghafla, na maumivu yakaja pale ilipowekwa. Baadaye, bonge la mguuni laweza kusafiri hadi mapafuni. Mtu akikosa pumzi ghafla, akichomwa kifuani au akikohoa damu, hapo hakuna kungoja asubuhi.

Basi tufanyeje? Mgonjwa atembee kidogo kidogo kila siku, kwa kadiri daktari alivyomruhusu. Anywe maji kwa kipimo alichopewa. Basi likisimama Korogwe, ashuke anyooshe miguu. Mguu ukivimba, usichuliwe, maana bonge laweza kung'oka. Wala asinunue dawa dukani kwa kubahatisha. Dawa ya kuzuia damu kuganda hupangwa na daktari anayezijua dawa zake nyingine. Tusimsahau na yule aliyetoa figo, kwani naye alipasuliwa.

Wapenzi wasikilizaji, huruma ni jambo jema, lakini huruma ya kumfunga mgonjwa kitandani yaweza kumwua. Ndugu aliyetoa figo yake hana nyingine ya kutoa. Tumshike mgonjwa mkono, tumtembeze mpaka kwenye migomba na kurudi.

Hadi juma lijalo, kwaherini.