Kumlea Mtoto wa Paka Mpaka Akue



Leo nitasema juu ya paka. Najua wengine wameisha kutikisa kichwa: mchungaji amekosa neno la kuhubiri? Subirini kidogo. Katika nyumba zetu hapa Kivu, panya anakula mahindi na maharagwe, anatoboa mfuko wa unga, anakata nguo ya ibada, na usiku anauma hata vidole vya mtoto aliyelala. Kwa hiyo kila mtu anatafuta paka. Lakini tunamtafuta yule mkubwa anayejua kazi tayari, na yule mdogo anakufa katika parseli zetu kabla hajakamata hata panya mmoja. Mithali sura ya 12 inamtambua mwenye haki hata kwa namna anavyoangalia mnyama wake, na haikusema ng'ombe peke yake.

Paka anabeba mimba siku 63 hivi, ni kama miezi miwili. Mtoto anazaliwa na gramu 100 hivi, macho yamefungwa, masikio yamekunjamana, hata joto la mwili hawezi kulishika mwenyewe. Macho yanaanza kufunguka kati ya siku ya 7 na ya 14. Siku zile za kwanza hata kukojoa hawezi kama mama hamlambi chini ya tumbo. Tunaona mama analamba tu, tunafikiri ni usafi. Kumbe pale anamsaidia kuishi. Ninyi watoto, msiwabebe-bebe siku hizo. Mama akiona fujo, atawashika shingoni mmoja mmoja na kuwahamishia juu ya plafo, na hapo hamtawaona tena.

Wiki ya nne mtoto anatembea, anacheza, anaanza kuonja chakula. Jirani anapita na kusema, “Mama, unipe huyu mweupe, panya wananimaliza.” Umjibu kwa upole kwamba arudi baada ya wiki nne zingine. Mtoto wa paka akae na mama yake mpaka wiki ya 8. Maziwa anahitaji, ndiyo, lakini kuna shule pia: akiuma ndugu yake kwa nguvu naye anaumwa, ndivyo anajifunza kucheza bila kutoboa mkono wa mtu. Mama anamletea panya aliyekufa, kisha siku nyingine aliye nusu hai, ili ajaribu mwenyewe. Na kuanzia wiki ya pili mpaka ya saba, macho yakiisha kufunguka, ni vizuri watu wa nyumba wamshike kidogo kila siku, kwa utaratibu. Yule ambaye hakuguswa na mkono wa mtu wakati huo, mara nyingi atakimbia watu maisha yake yote.

Sasa chakula. Hapa ndipo makosa ni mengi. Wengi wanampa paka maziwa ya ng'ombe, wakifikiri wanampenda. Tumbo la paka wengi halivumilii maziwa hayo, na mtoto anaharisha. Mdogo akiharisha siku mbili, maji yanamwisha mwilini na anakufa. Mpe maji safi ya kunywa katika kisahani. Wengine wanampa bugali na mchuzi wa sombe peke yake. Paka si mbuzi, hata si mbwa. Mwili wake lazima upate nyama au samaki. Akikosa kwa muda mrefu, macho yanaharibika na moyo unalegea. Sambaza wachache au ndagala waliochemshwa bila chumvi, kichwa cha samaki, utumbo wa kuku uliopikwa vizuri: unaweza kuchanganya hivyo na bugali kidogo. Makayabo yana chumvi nyingi, usimpe. Mchuzi wenye kitunguu au kitunguu saumu pia usimpe, unaharibu damu yake. Wakati ni mdogo, umgawie mara tatu au nne kwa siku, kidogo kidogo.

Kuna baba atakayesema, “Mchungaji, paka akishiba hatakamata panya.” Sivyo. Paka anawinda hata akiwa ameshiba, kwa sababu ndivyo alivyoumbwa. Mwenye njaa anahama. Anakwenda kuiba samaki kwa jirani, anapigwa jiwe, na ninyi mnabaki na panya wenu. Kule shule ya Biblia nilikosoma, ghala la mahindi lilikuwa na paka wawili, na mpishi aliwapa chao kila jioni kabla ya wanafunzi. Sisi tulinung'unika, lakini mahindi yalibaki.

Mama mmoja anaona paka ana homa, anavunja kidonge cha parasetamoli na kumpa. Tafadhali, sikieni neno hili na kuliambia wengine: parasetamoli inaua paka. Hata kidonge kimoja kinaweza kumwua mkubwa, sembuse mdogo. Vilevile ile dawa ya panya inayouzwa sokoni. Panya akiila na paka akamla panya huyo, sumu inaingia katika paka pia. Basi uchague: kama unalea paka, usitege sumu. Na dawa ya kuua kupe wa ng'ombe au viroboto vya mbwa, nyingine zake ni sumu kali kwa paka. Umwulize kwanza munganga wa wanyama. Yeye pia ndiye atakupa dawa ya minyoo, maana watoto wengi wa paka wanaipata kwa mama yao tangu maziwa.

Choo si kazi ngumu. Weka kartoni yenye mchanga au majivu pembeni, mwonyeshe mara mbili tatu, mwenyewe atafukia. Mchanga huo uondolewe kila siku, lakini asiuguse mama mwenye mimba, kwa sababu mavi ya paka yanaweza kuwa na mdudu anayedhuru mtoto tumboni. Afanye mtu mwingine, kisha anawe mikono kwa sabuni.

Akifika miezi mitatu, apate chanjo ya kichaa cha mbwa, ule ugonjwa wengi wanaouita raje. Usidanganywe na jina, paka naye anaupata na kuupitisha kwa watu. Paka au mbwa akimwuma mtoto wako, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku ileile. Usingoje kuona kama atachanganyikiwa, maana dalili zikionekana, karibu hakuna anayepona. Na ndugu zetu wa Ituri, kwenye tauni ya panya, wajue kwamba paka naye anaweza kuipata. Panya wakianza kufa wenyewe, paka akiwa na homa na uvimbe, msimguse. Mpashe habari kituo cha afya.

Nimefika kwa neno ambalo wengine walilingoja. Usiku paka analia kama mtoto mchanga, macho yanawaka katika giza, na kesho asubuhi mtaa mzima unasema ni mchawi. Macho yanawaka kwa sababu nyuma yake kuna ngozi nyembamba inayorudisha mwanga, na ya ng'ombe yanawaka vilevile ukimulika kwa tochi. Kile kilio ni paka jike anayetafuta dume, au madume wanaopigana kwa ajili yake. Hakuna zaidi. Lakini mtoto yatima anayelelewa na shangazi, akionekana anacheza na paka mweusi, nimesikia watu, hata wenye kushika Biblia, wakisema mtoto yule anatoka naye usiku. Mtoto ananyimwa chakula, anapelekwa kufungwa katika chumba cha maombi. Wapendwa, sheria ya ulinzi wa mtoto ya mwaka 2009 ya nchi yetu inamtia gerezani, mwaka 1 mpaka 3, anayemshitaki mtoto kwa uchawi. Haikumtoa mchungaji. Na manyoya meusi Mungu ndiye aliyeyaumba. Ukiona mtoto anateswa kwa sababu ya paka, umchukue kwako siku hiyo, ndipo uwaite wazee.

Kilio hicho kinaanza mapema kuliko watu wanavyofikiri. Jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne mpaka sita, wakati nyinyi bado mnamwita mtoto. Kama kuna munganga wa wanyama anayefunga uzazi, mpelekeni kabla ya hapo, jike au dume. Kama hayupo, jike afungiwe ndani siku zile anazolia, na tangu sasa mtafute majirani watatu au wanne wanaosumbuliwa na panya, muandike majina yao. Watoto wakizaliwa, kila mmoja awe na nyumba inayomngoja wiki ya 8, asije akatupwa katika mfuko kando ya mto.