Binti wa Wesha na Uhandisi wa Magari ya Mashindano



Nimetakiwa kusema katika semina hii juu ya njia ya uanagenzi kwa msichana mwenye azma ya kuwa mhandisi wa magari ya mashindano, na huenda baadhi yenu mkastaajabu jambo hilo kuzungumzwa katika bandari ya Wesha, hapa Pemba, ambayo injini zake nyingi husukuma boti wala hazizungushi magurudumu. Rai yangu ni kwamba elimu hiyo huanzia kwenye injini iliyo karibu, na kwamba walichopungukiwa mabinti wetu ni fundi wa kuwaruhusu kuifungua.

Mfano nilioteua ni wa Beatrice Shilling wa Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1909, ambaye alipokuwa na umri wa miaka 14 alijinunulia pikipiki, na alipomaliza skuli akapokewa uanagenzi na mhandisi mwanamke, Margaret Partridge, aliyekuwa akitia umeme vijijini huko Devon. Kwa hiyo miaka yake ya mwanzo ya ufundi ilikuwa ya kuvuta nyaya, mbali kabisa na viwanja vya mbio. Partridge huyo huyo ndiye aliyemhimiza kwenda Chuo Kikuu cha Manchester, akasoma umeme kisha mitambo, na mwaka 1934, juu ya pikipiki yake ya Norton, akauzunguka uwanja wa mbio wa Brooklands kwa mwendo uliozidi kilomita 170 kwa saa.

Lakini sifa yake kubwa ilitokana na kijisahani cha chuma, kidogo kama washa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ndege za kivita za Uingereza zenye injini ya Merlin zilikuwa zikizimika kila rubani alipoinamisha pua ghafla, kwa sababu petroli iliruka juu ndani ya kabureta, injini ikakosa mafuta kwanza, kisha ikafurikwa nayo hata ikapaliwa. Shilling akaweka katika njia ya mafuta kijisahani hicho, chenye tundu katikati lililopimwa lipitishe kadiri ile tu ambayo injini huihitaji ifanyapo kazi kwa nguvu zake zote, na mwaka 1941 akawa akizunguka vituo vya ndege na wenzake wakifunga vijisahani hivyo bila kuziondoa ndege kazini. (Magari ya rali ya leo nayo hulazimishwa na kanuni kuvaa pete ya namna hiyo, ila kwenye njia ya hewa ya tabo.)

Sasa mtazameni fundi wa mashine za boti hapa pwani, afunguapo kabureta iliyoingia maji ya chumvi, akaipuliza kwa mdomo jeti yake ya kupitishia petroli, akaielekeza juani aone kama tundu limezibuka. Anafahamu fika kwamba likiziba mashine hukosa nguvu, na likipanuka hula mafuta na kutoa moshi mweusi. Binti aliyesimama ubavuni mwake amekwisha kuanza somo la Shilling, alimradi apewe jeti hiyo mkononi. Nimeona katika gereji moja, ambayo sitaitaja, mwanagenzi wa kike akipewa dizeli na brashi ya kuoshea spana miezi nenda miezi rudi, ilhali mvulana aliyeingia nyuma yake alikabidhiwa gasketi ya silinda hedi.

Wala asiseme mtu kwamba gereji haimfikishi mtu mbali: Joginder Singh wa Kenya, aliyejifunza ufundi katika gereji ya baba yake, alishinda Safari Rally mwaka 1965, 1974 na 1976. Hata hivyo, mhandisi wa mashindano huhitaji fauka ya hayo kusoma hesabu za gari lingali mbioni. Leena Gade, mwanamke wa kwanza kuwa mhandisi wa gari lililoshinda mbio za Le Mans, mwaka 2011 aliipatia ushindi Audi yake kwa tofauti isiyofika sekunde 14 baada ya saa 24.

Kwa hiyo naomba semina ijadili pendekezo kwamba mwanagenzi wa kituo cha mafunzo ya amali cha Vitongoji au Daya Mtambwe apelekwe bandarini akiwa na daftari, aandike kila hitilafu, kipimo alichokipata na dawa yake, na fundi atie sahihi, ili daftari hilo limtetee aombapo nafasi Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia au ng'ambo. Mafundi waliohudhuria watuambie ni nani kati yao atakayempokea wa kwanza, na kwa masharti gani.