Jihadharini na Matangazo ya Mazingaombwe



Leo nataka kusema nanyi habari za mazingaombwe. Sisemi uchawi, bali ule mchezo wa kiinimacho ambao wengi wetu tumeutazama na kuufurahia. Vifaa vyake huuzwa madukani na kwa njia ya posta, na siku hizi hutangazwa hata katika simu. Kuvinunua si kosa. Lakini yafaa mnunuzi ajue jambo moja: tangazo hueleza kile aonacho mtazamaji, wala halielezi kile atakachopewa mnunuzi.

Nilijifunza jambo hili nilipokuwa kijana wa shule. Nilisoma tangazo la mashine ndogo ya kuchapa noti: "Tia karatasi nyeupe, itoke fedha! Ustadi hauhitajiwi." Niliweka akiba miezi mingi, nikapeleka fedha yangu yote. Kifurushi kilipofika nilikuta vipande viwili vya mti vya mviringo, mkono wa kuzungushia, na kitambaa cheusi kirefu kilichozungushwa kutoka kipande kimoja hadi cha pili. Maagizo yalianza hivi: ficha kwanza noti yako mwenyewe ndani ya kitambaa. Karatasi nyeupe ikiingia upande huu, noti ile hutokea upande wa pili. Nami sikuwa na noti hata moja, maana zote nilikuwa nimempelekea mwenye duka!

Wakati wa likizo niliuonyesha mchezo huo nyumbani kwa noti ya kuazima. Usiku ule baba yangu mdogo alinijia akiwa na karo ya watoto wake, akasema, "Mwanangu, nizidishie hizi." Ilinibidi nikikunjue kitambaa chote mbele ya taa, aone kwamba noti iliyotoka ni ile ile niliyoificha. Nilishukuru kwamba alinijia mimi, wala hakwenda kwa mtu mwingine, kwa kuwa wezi hutumia hila ya namna hii hii. Victor Lustig, mlaghai mashuhuri aliyefariki mwaka 1947 akiwa mfungwa huko Marekani, aliwauzia watu sanduku alilosema hunakili noti. Alificha humo noti chache za kweli, akasema kwamba kila noti huhitaji saa nyingi. Kabla mnunuzi hajagundua hila, Lustig alikuwa amekwisha kwenda zake.

Matangazo mengine humwacha mnunuzi ajidanganye mwenyewe. Huko Marekani, Harold von Braunhut aliuza kwa miaka mingi miwani iliyoitwa X-Ray Specs, ikitangazwa katika magazeti ya katuni kana kwamba yaweza kuonyesha mifupa ya mkono. Ndani yake mlikuwa na unyoya tu. Mwanga ukipita katika unyoya, jicho huona picha mbili zilizopishana kidogo. Mahali zinapolaliana huonekana kivuli cheusi, na mtu akadhani ni mfupa.

Kadhalika kuna karata ziitwazo Svengali. Mtazamaji huona kwamba karata zote ni mbalimbali. Kwa kweli nusu yake ni karata moja iliyorudiwa, nazo zimekatwa fupi kidogo. Ni mchezo mzuri, lakini ole wake atakayempa mtazamaji karata hizo azikague!

Basi, kabla ya kutoa shilingi yako, fanya hivi.

Kwanza, uliza: Je, watazamaji waweza kukishika kifaa hiki? Je, hila huonekana kwa mtu aliye ubavuni au nyuma yangu? Je, kuna kitu kingine nitakachohitaji ambacho hakimo katika kifurushi?

Pili, ukionyeshwa mchezo kwa picha ya sinema, angalia kama picha imekatwa katikati. Afadhali kumwuliza mtu aliyekwisha kukinunua kifaa chenyewe.

Tatu, anza na kitabu. Bei ya kifaa kimoja hukupa mchezo mmoja, bali kitabu kimoja chaweza kukupa michezo mingi ya sarafu, uzi na karata za kawaida. Neno "ustadi hauhitajiwi" lisikudanganye. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Vidole havipati wepesi ila kwa mazoezi ya kila siku.

Nne, muuzaji mwaminifu husema kwamba anauza mchezo. Akuambiaye kwamba anauza nguvu, au akutakaye umpe fedha ili azizidishe, huyo ni mwizi. Usimpe hata senti, nawe ukatoe habari zake kwa polisi.

Baba yangu mdogo alizitazama noti zake, akazikunja, akazirudisha mfukoni. Asubuhi yake alikwenda nazo shuleni, akalipa karo.