MENO YA BANDIA



Wengi wetu tuna mapengo, na fedha ni chache. Lakini tusinunue meno yaliyopimwa kinywani mwa mtu mwingine. Daktari wa meno hupima kila kinywa peke yake. Tumwulize kwanza bei, na kama atayarekebisha baadaye, maana ufizi hunywea baada ya meno kung'olewa.

Usiku tuyavue, tuyasugue kwa brashi na sabuni, tuyalaze katika maji baridi. Maji yanayochemka huyapinda.

Yakituumiza, tusiyakwangue kwa tupa kama chuma cha karakana. Turudi kwa daktari. Kidonda cha kinywani kisichopona kwa majuma mawili kionwe hospitali.

Na meno yetu yaliyobaki tuyatunze vile vile.