KIKOHOZI CHA WATOTO: TUHESABU PUMZI

Akina baba na akina mama wa Kitale na Bungoma,

Wakati wa mvua kubwa, baridi ya Mlima Elgon inaposhuka na mahindi yanapopandwa, ni watoto wachache wasiopata mafua. Walio wengi hupona baada ya siku chache, kwa hiyo tumezoea kusema, "Ni mafua tu." Neno hilo "tu" ndilo ninalotaka tulitazame leo, maana limewapoteza watoto wengi.

Mafua huletwa na virusi, yaani vijidudu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Vibaya zaidi kwa watoto wachanga ni vile viitwavyo RSV, vilivyopatikana kwa watoto wagonjwa huko Marekani mwaka 1957. Wataalamu wamekadiria kwamba mwaka 2019 viliua watoto zaidi ya 100,000 wa chini ya miaka mitano duniani, na karibu nusu yao hawakuwa wametimiza miezi sita.

Je, huingiaje nyumbani? Uchunguzi uliofanywa Kilifi, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba mara nyingi mtoto mchanga huambukizwa na watu wa nyumba yake mwenyewe, hasa ndugu zake wakubwa. Basi mtoto atokaye shuleni na anawe mikono kwa sabuni kabla ya kumbeba mdogo wake; na akiwa na mafua, asilale naye.

Sasa jambo lililo kubwa. Mtoto akikohoa, mfunue kifua akiwa ametulia, ukahesabu pumzi zake kwa dakika moja kamili. Saa ya simu yatosha. Mtoto wa chini ya miezi miwili akifikisha pumzi 60, wa miezi miwili hadi kumi na moja akifikisha 50, au wa mwaka mmoja hadi mitano akifikisha 40, mpeleke kwa mganga siku hiyo hiyo.

Lakini ukiona nyama ya chini ya mbavu inaingia ndani kila avutapo pumzi, au hawezi kunyonya, au midomo imegeuka rangi, au ana degedege, au amelegea hata haamki, usihesabu tena: ondoka, hata kama ni usiku. Huenda anahitaji hewa ya oksijeni, nayo haipatikani dukani. Tena, mchanga sana huenda asikohoe kabisa, bali pumzi hukatika ghafula.

Wako wanaokata kimio cha mtoto ili kikohozi kiishe. Jambo hilo huleta damu na vidonda, wala haligusi ugonjwa ulio kifuani. Wengine hununua vidonge vya kuua bakteria. Vidonge hivyo haviui virusi, na mganga ndiye ajuaye ni lini vinahitajiwa.

Mama na aendelee kunyonyesha, mara kwa mara na kidogo kidogo. Mtoto asikae jikoni penye moshi wa kuni. Chanjo zake zikamilishwe, pamoja na ile ya nimonia iliyoanza kutolewa Kenya mwaka 2011. Haizuii RSV, lakini huzuia bakteria wengi wanaoleta nimonia.

Nanyi akina baba, nauli ya hospitali iwekwe akiba kabla ya mvua, ili mama asingoje ruhusa wala fedha usiku wa manane. Usipoziba ufa utajenga ukuta.