Fedha ya Barabara Iende Barabarani

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wakulima, madereva na vijana wa bodaboda wa Namungo, kutoka Nachingwea na Ruangwa.)

Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya jambo ambalo kwa kawaida huachiwa wataalamu wa fedha peke yao. Jambo lenyewe ni hili: fedha anayolipa mwenye chombo cha moto, na ile inayokatwa katika kila lita ya mafuta, je, ni halali itumike kwa kazi nyingine isiyokuwa barabara?

Asiye na gari asiseme kwamba hayamhusu. Korosho yake haina miguu. Hutoka shambani, ikaenda kwenye ghala la chama cha msingi, kisha ghala kuu. Msimu wa mauzo hukutana na mvua za mwanzo, na lori likinasa topeni gharama huongezeka. Mwisho wa yote gharama hiyo hurudi kwa mkulima katika makato. Barabara mbovu ni kodi isiyoandikwa katika sheria yoyote, na mlipaji wake mkubwa ni mtu wa kijijini.

Sisi watu wa Kusini tuna sababu ya pekee ya kulifikiri jambo hili. Wazee wetu waliiona reli iliyojengwa kwa ajili ya mpango wa karanga wa wakoloni, ulioanza mwaka 1947. Mpango ulianguka, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa na vyuma vyake vikang'olewa. Tulijifunza mapema kwamba njia isiyo na fedha ya kuitunza haina maisha marefu. Mwezi Mei 1924 hatukuwapo, lakini mwezi Mei 2024 tulikuwapo: mvua za Kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi, mikoa hii yote ilitengwa na wenzake.

Ndugu wananchi, Taifa letu halikulala. Mwaka 1998 Bunge lilirekebisha Sheria ya Ushuru wa Barabara, likaanzisha Mfuko wa Barabara na Bodi yake. Sheria iliagiza kuwa si chini ya asilimia 90 ya fedha za Mfuko zitumike kwa matengenezo na dharura, wala si kwa ujenzi mpya. Hekima yake ni ile ya wahenga: usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwaka 1988 Benki ya Dunia ilieleza kwamba nchi 85 zilikuwa zimepoteza barabara zenye thamani ya dola bilioni 45 kwa kukosa matengenezo, hasara ambayo ingeepukwa kwa dola zisizozidi bilioni 12. Majirani zetu wa Kenya nao walitunga sheria ya mfuko wa namna hii mwaka 1993.

Wapo wanaopinga, na hoja yao si ya kupuuzwa. Wanauliza: kwa nini barabara iwekewe uzio, na zahanati isiwekewe? Kila wizara ikijengewa uzio wake, Serikali itapata wapi fedha siku ya njaa au maradhi?

Jibu langu ni kwamba ushuru wa barabara si kodi ya kawaida. Ni malipo ya matumizi. Anayetembea sana hulipa sana, kwa kuwa ndiye anayeichakaza njia. Mtu akilipia maji hutegemea maji. Tukichukulia kwamba kijana wa bodaboda anatumia lita tatu kwa siku, kwa siku 300 za mwaka, ile shilingi 100 pekee iliyoongezwa katika kila lita mwaka 2021 kwa ajili ya barabara za TARURA inamtoa shilingi 90,000 kwa mwaka. Kijana huyo anayo haki ya kuuliza imefika wapi.

Lakini tusijidanganye kwamba uzio hauvunjiki. Uingereza ilianzisha mfuko wa barabara mwaka 1920. Mwaka 1926 Waziri wa Fedha, Winston Churchill, alianza kuchota humo kwa mahitaji mengine, na mwaka 1937 mfuko huo ukanyang'anywa mapato yake yenyewe. Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Sheria ya korosho ilitenga asilimia 65 ya ushuru wa korosho inayouzwa nje ili iendeleze zao hilo. Mwaka 2018 sheria ikabadilishwa, na fedha zote zikaelekezwa Mfuko Mkuu wa Serikali. Mkulima wa Ruangwa haelezwi na mtu maana ya uzio uliovunjwa. Aliiona katika pembejeo.

Aidha, tazameni ada ya mwaka ya leseni ya gari. Mwaka 2017 ilifutwa, na badala yake ushuru wa bidhaa ukaongezwa shilingi 40 kwa kila lita ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Usumbufu kwa wenye magari ulipungua, na hilo lilikuwa jema. Lakini ushuru wa bidhaa huingia Mfuko Mkuu, si Mfuko wa Barabara. Tena bibi aliyewasha kibatari kijijini, asiyewahi kumiliki hata baiskeli, alianza kuchangia leseni ya gari la mtu mwingine. Ilielezwa kuwa bei za mafuta zisipotofautiana sana, wachakachuaji watakosa faida. Sawa; ila fedha ya bibi huyo ingalau imchongee njia ya kwenda zahanati.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu. Kwa muda mrefu mgawo wa Mfuko umekuwa asilimia 70 kwa barabara kuu na za mikoa, na asilimia 30 kwa barabara za wilaya na vijiji. Barabara za TANROADS ni kiasi cha kilomita 37,000. Za TARURA ni zaidi ya kilomita 144,000. Ni kweli kwamba kilomita ya lami yenye malori mazito hugharimu kuliko ya udongo. Hata hivyo, uzio unaolinda fedha za barabara kuu na kukiacha kijiji nje haujatimiza haki.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, fedha za Mfuko zilindwe na sheria ambayo haiwezi kubadilishwa kimyakimya ndani ya muswada wa fedha wa kila mwaka. Pili, ile shilingi 40 ya mwaka 2017 ihesabiwe upya, na sehemu inayotokana na magari irudi barabarani. Tatu, kila halmashauri ibandike katika ofisi za vijiji kiasi kilichopokelewa, barabara iliyotengenezwa na mkandarasi aliyelipwa.

Jambo hili la tatu halingoji Bunge. Katika mkutano mkuu ujao wa kijiji, inukeni muulize. Mlipaji asiyeuliza ndiye anayewarahisishia wengine kuchota.